Kuishi, kuwekeza na kutembea kijijini Lombok: panga nyumba kwanza, habari za kiwanja baadaye

Huu mwaka wa nne niko Lombok, kisiwa cha Indonesia, kijiji kimoja cha upande wa Tetebatu, Lombok Mashariki, chini ya mlima Rinjani, na haipiti wiki bila mtu kunitumia meseji "kaka kiwanja huko bei gani". Jamani hilo swali ni la mwisho kabisa. Ukianza nalo utalia, mimi nimelia, ntaeleza huko chini. Mke wangu ni Msasak wa hapa hapa, tulikutana Muscat wote tukiwa kazini, ndo nikafika huku. Kwahiyo ninayoandika ni ya mtu anayeishi ndani ya kijiji, sio wa hotelini.

Kwanza kufika. Kutoka Dar au Nairobi utapita Doha au Dubai, alafu Jakarta, Kuala Lumpur au Singapore, toka hapo kuna ndege hadi uwanja wa Lombok karibu na Praya. Wengine wanashukia Bali wanachukua feri ya Padangbai kwenda Lembar, ni kama masaa manne mpaka matano baharini, polepole ila rahisi na pikipiki unaingia nayo. Visa ya kupewa ukifika ni rupia 500,000, siku 30, unaongeza mara moja siku 30 zingine, basi. Sio kila pasipoti iko kwenye orodha yao, so kabla hujakata tiketi ingia kwenye tovuti ya uhamiaji wao wenyewe, evisa.imigrasi.go.id, uangalie ya kwako, na usilipe kupitia tovuti zingine zinazofanana nayo. Ukizidisha siku faini ni rupia 1,000,000 kwa kila siku, hawajadiliani. Kadi ya homa ya manjano beba, wanaotoka kwetu mara nyingi wanaulizwa. Na nyie ndugu zangu mnaotafuna miraa, nawaomba kwa heshima zote, hata jani moja lisibaki kwenye begi, maana kathinoni iliyomo kwenye miraa iko daraja la kwanza la sheria yao ya mihadarati ya 2009, na huku kwa mihadarati hukumu ya kifo ipo na wameshaitekeleza, kwa risasi. Usijaribu.

Simu nayo. Ukikaa zaidi ya siku 90 na simu uliyotoka nayo nje lazima IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iwe imesajiliwa forodhani, la sivyo laini za huku zinakataa kusoma. Fanya pale pale uwanjani siku unayofika.

Sasa umefika kijijini. Siku ya kwanza, kabla hata hujafungua begi, nenda karipoti. Utaona vibao vimebandikwa "tamu wajib lapor 1x24 jam", maana yake mgeni lazima aripoti ndani ya saa 24. Unaripoti kwa RT, huyu mchukulie kama balozi wa nyumba kumi, na kwa kepala dusun ambaye ni kama mwenyekiti wa kitongoji. Nenda na mwenyeji wako, beba kopi ya pasipoti, beba na sukari kilo moja na kahawa. Sio rushwa hiyo, ni mkono wa mgeni, kama ambavyo kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Watu wengi wanadharau hii hatua wanaona ni makaratasi tu, kumbe ndo kijiji kinaanza kukujua. Siku ukianguka na pikipiki usiku kwenye utelezi, mtu wa kwanza kufika ni huyo RT na vijana wake.

Utakaribishwa kwenye berugak. Hiki ni kibanda cha wazi mbele ya nyumba, nguzo nne au sita, sakafu ya mbao imeinuka kutoka chini kama mita moja hivi hata kasoro, paa la nyasi za alang-alang au bati. Kazi yake ni ile ile ya baraza letu, mgeni hapelekwi sebuleni, anaishia hapo na heshima yote anaipata hapo. Vua viatu, panda, kaa miguu umeikunja, usinyooshe nyayo kumuelekea mtu. Utaletewa kahawa kwenye glasi, imemiminiwa maji ya moto machicha yakiwa ndani, na sehemu nyingi huku kahawa inakaangwa pamoja na mchele, ndo maana ina uzito na kaharufu ka uji wa kuungua. Usikimbilie kunywa, subiri machicha yatulie chini, ukiwahi utatafuna mchanga. Na huko kusubiri ndo mazungumzo yenyewe yanapofanyika. Wazee watawasha kretek, sigara ya karafuu, na mtu wa Pemba au Unguja akikaa pale machozi yatamlenga kwa ile harufu, maana karafuu asili yake ni Maluku huku huku Indonesia, sisi tulikuja kuipata karne ya 19.

Lugha isikutishe kabisa. Salamu yao ni "apa kabar", na hiyo kabar ni habari yako wewe. Waktu ni wakati, dunia ni dunia, sabun ni sabuni, kertas ni karatasi, musim ni msimu, umur ni umri, rezeki ni riziki, soal ni swali na jawab ni jibu. Bendera ni bendera neno zima bila kubadilisha herufi, sote tulilichukua kwa Wareno. Miezi mitatu ya kukaa berugak unaongea. Nyumbani lakini watu wanaongea Kisasak, so jifunze hata "tampi asih", asante, uone nyuso zinavyofunguka. Na majina, huku mtu akizaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza kama kwetu tu, Inaq fulani ni Mama fulani, Amaq fulani ni Baba fulani, na wakishapata wajukuu wanakuwa Papuq. Mwanamke mtu mzima usimwite jina lake kavu. Sheikh anaitwa Tuan Guru, na Lombok kisiwa cha Waislamu hasa, wanakiita kisiwa cha misikiti elfu, kwahiyo adhana ya alfajiri ni mapema mno, spika kila upande, zoea. Wazee wengi wa Lombok Mashariki wamefanya kazi Saudia au Malaysia, utakuta babu wa shambani anakusemesha Kiarabu cha Jeddah.

Nyumba ya kukaa

Panga. Rudia tena, panga. Nyumba ya kijijini inapangwa kwa mwaka na kodi inalipwa yote mwanzo, wanaita kontrak. Kabla ya kutoa hela ona cheti cha ardhi, ona kitambulisho cha mwenye nyumba, na uulize ndugu zake, maana nyumba nyingi ni za urithi na hazijagawanywa, unalipa kwa kaka mkubwa miezi miwili baadae anakuja dada yake toka Malaysia anataka chake. Kodi ya serikali kwenye pango la nyumba na ardhi ni asilimia 10, sheria inamhesabia mwenye nyumba kuwa ndo mpokea mapato ila mkubaliane mapema kwenye maandishi nani anaitoa mfukoni, hapo ndo ugomvi mwingi unaanzia.

Alafu tazama nguzo. Hapa nawaomba msinisome haraka haraka. Agosti 2018 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Lombok, watu zaidi ya 500 wakafa, na wengi waliuliwa na kuta za nyumba zao wenyewe, matofali yamepandishwa bila nondo za maana. Mama mkwe wangu mpaka leo halali chumba ambacho kabati liko upande wa kichwani. Kwahiyo ukioneshwa nyumba uliza imejengwa kabla au baada ya 2018, kama ni baada uliza kama ni RISHA, hizo ni nyumba za vipande vya zege vinavyofungwa na nati ambazo serikali ilizitumia sana wakati wa kujenga upya. Kama ni ya zamani tembea kwenye kona, angalia ufa unaokatiza kutoka pembe ya dirisha kwenda juu, gonga nguzo, uliza kama kuna mkanda wa zege juu ya madirisha. Nyumba nzuri ya tailsi yenye ufa iache, chukua ya bati na mbao. Usiku weka viatu na tochi karibu na mlango, kila mtu huku anafanya hivyo.

Umeme ni wa token, kama LUKU kabisa, namba 20 unaziingiza kwenye mita, na ikikaribia kuisha inalia mpaka majirani wanajua huna hela. Maji ya kunywa unanunua galoni ya lita 19. Gesi kuna mtungi mdogo wa kijani wa kilo 3, wenyewe wanauita melon, huo una ruzuku na umeandikwa ni wa masikini, mgeni usiununue hata kama duka linakuuzia, chukua mkubwa. Choo ni cha maji na kata, mtu wa pwani hahitaji maelezo. Hela ya mkononi tumia mawakala wa BRILink, wako kila genge, unatoa na kutuma kama kwa wakala wa kwetu.

Chakula hakina shida. Kibandani, wanaita warung, sahani ya wali na mboga zake ni kama rupia 15,000 mpaka 20,000, kahawa 5,000. Mboga ya hapa ni plecing kangkung, majani yanafanana na matembele, yamechemshwa kidogo tu alafu yanamwagiwa pilipili iliyotwangwa na nyanya na uduvi uliosagwa. Omba pilipili kidogo. Wajava neno lombok kwao ni pilipili, utakuja kuelewa.

Pikipiki ndo miguu yako. Bodaboda zipo, zinaitwa ojek, ila mtandao wa kuita kwa simu ukitoka Mataram ukapanda milimani unafifia, so kodi pikipiki kwa mwezi, vaa helmeti, leseni ya kimataifa iwe na daraja la pikipiki, bila hiyo bima ya safari haikulipi hata senti. Petroli ya Pertalite kituoni imekuwa rupia 10,000 lita tangu Septemba 2022, za kwenye chupa barabarani zinazidi kidogo. Mbu wa dengi anang'ata mchana, mwaga maji yaliyosimama kwenye ndoo na vifuu, na homa ikipanda nenda Puskesmas, kituo cha afya, kila tarafa kuna kimoja.

Pesa sasa

Haya turudi kwenye kiwanja. Sheria mama ya ardhi ni namba 5 ya 1960. Umiliki kamili unaitwa Hak Milik, haki na milki, sikia ilivyo Kiswahili kitupu, na hiyo haki ni ya raia wa Indonesia peke yake. Mgeni anaweza kupata Hak Pakai, haki ya kutumia, kwa masharti yake na awe na kibali cha kuishi, au akapanga ardhi kwa mkataba wa miaka. Kampuni ya mgeni, PT PMA, inaweza kushika haki zingine za ardhi ila mpango wa uwekezaji lazima uzidi rupia bilioni 10 ukiacha thamani ya ardhi na majengo, hiyo sio hela ya kuanzia kijijini.

Dalali atakwambia hamna noma, tunaandika jina la mtu wa hapa alafu wewe unabaki na mkataba wa siri. Ibara ya 26 ya hiyo sheria inasema mbinu yoyote ya kumpa mgeni Hak Milik, iwe wazi iwe ya kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia kwa serikali na hela uliyolipa hudai. Mimi nilikuwa sijui. Kabla ya ndoa yetu kusajiliwa nilipewa are tano, are moja ni mita za mraba 100, pembeni ya mpunga, mto unasikika, Rinjani ile pale, nikatoa rupia milioni 40 ya kishika kiwanja kwa jina la kijana mmoja. Karatasi niliyooneshwa ilikuwa girik, hati ya kodi ya zamani, wala sio cheti. Baada ya wiki tatu wakaja warithi watatu ambao sikuwahi kuwasikia, tukaketi berugak mpaka usiku, kepala dusun akasuluhisha nikarudishiwa milioni 18. Zilizobaki zimeenda. Ni akiba ya mwaka mzima wa Muscat ile, na nilikaa miezi sijamwambia mama yangu Tanga.

Na wenye wenza wa huku kama mimi, hili ni lenu. Mkioana bila mkataba wa kutenganisha mali, ardhi atakayonunua mwenza wako inahesabiwa nusu ni yako, na wewe mgeni hutakiwi kuwa nayo, sheria inatoa mwaka mmoja kuiachia. Zamani mkataba huo ulikuwa lazima kabla ya ndoa, ila Mahakama ya Katiba, wanaiita Mahkamah Konstitusi, 2016 iliruhusu kuufanya hata mkiwa tayari kwenye ndoa. Nendeni kwa notaris, yule mwanasheria wa mikataba aliyeteuliwa na serikali, muufanye na muusajili. Sisi tumeufanya, ardhi ikinunuliwa ni ya mke wangu, nukta. Kama humuamini mwenza wako kwa kiwango hicho usinunue.

Kitu kingine utakachoombwa sana ni kushika shamba la mtu rehani, wanaita gadai. Baba ana harusi au mtoto anaenda Malaysia, anakupa mpunga wake ulime, siku akipata hela anakomboa. Inaonekana biashara tamu. Kuna sheria ya 1960, namba 56, inasema shamba lililokaa rehani miaka 7 linarudi kwa mwenyewe bila malipo yoyote. Wengi kijijini hawaijui na rehani zinakaa hata miaka ishirini. Mimi nakushauri usishike kabisa shamba la jirani, kula mpunga wa mtu aliyebanwa na wewe ni mgeni wake, hapana.

Kinachofaa ni kidogo kidogo, na jina liwe la mwenza wako au la kikundi cha kijiji. Kwenye visa ya utalii huruhusiwi kufanya kazi wala kuendesha biashara, hata kupokea wageni kwenye nyumba uliyopanga ukawatoza hela ni kosa la kurudishwa kwenu. Sisi tumeweka kwenye ng'ombe. Mke wangu ananunua ndama jike wa Bali, yule mwekundu mwenye matako meupe, anampa jirani afuge, akizaa wanagawana kwa makubaliano, wanaita ngadas. Ng'ombe halali nyumbani kwa mtu, wanalala wote kwenye banda moja la kijiji, kandang, wanaume wanapokezana zamu ya ulinzi usiku kwa sababu ya wezi. Ukitaka kujua kama unaweza kuweka hela yako pale nenda ukae nao zamu moja. Saa nane usiku, moto wa makumbi ya nazi unafuka kufukuza mbu, ng'ombe zaidi ya thelathini wanacheua kwa pamoja sauti moja, na mzee mmoja atakutajia kila ng'ombe ni wa nani, alinunuliwa lini na nani amechelewa kulipa. Pale nimejifunza zaidi ya nilivyojifunza kwa dalali yeyote. Wa dume tunauza kuelekea Idi ya kuchinja, bei inapanda yenyewe.

Njia nyingine ni kupitia kampuni ya kijiji, BUMDes. Tangu 2015 kila kijiji kinapata fungu toka serikali kuu chini ya sheria ya vijiji ya 2014, na vingine vimelitumia vizuri mno, Ponggok kule Klaten, Java, wamefanya chemchemi yao kuwa sehemu ya kuogelea na kupiga picha chini ya maji, na Nglanggeran ya Yogyakarta ilitajwa na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa 2021 kati ya vijiji bora vya utalii. Kama una ujuzi wa lugha, picha, kupika au mahesabu wapelekee kwanza hao bure na kwa idhini. Na ingia arisan, ni upatu huu huu wetu, akina mama wa mtaa wanachanga na kupokezana. Mke wangu alivyoanza kucheza arisan ndo tukaanza kuambiwa shamba gani lina ugomvi na lipi safi.

Usikose shughuli. Msiba ukitokea kuna banjar, chama cha kuzikana, kila nyumba inatoa mchele na hela kidogo na mikono ya kazi. Sherehe inaitwa begawe, wanaume ndo wanapika nyama na wali wa mamia ya watu, utapewa kisu na lundo la vitunguu, kaa menya. Na kuna awig-awig, kanuni za mila, kuhusu maji, miti, wizi, ugeni usiku. Maji ya mpunga yanagawiwa na mtu anaitwa pekasih, usiguse hata kibao kimoja kwenye mfereji ukiona shamba la mke wako kavu, nenda kwake.

Kutembea ni siku za mapumziko. Loyok wanasuka mianzi, Pringgasela wanafuma vitambaa kwa mkono, vyote ni pikipiki tu. Rinjani ni mita 3,726, ndogo kwa Kilimanjaro ila mteremko wake unavunja magoti, na njia zinafungwa kawaida Januari mpaka Machi kwa mvua. Chukua wapagazi wa kijiji, lipa bei yao. Kiangazi ni kama Mei hadi Septemba, vumbi na tumbaku inakaushwa kwenye matanuri. Masika ni kuanzia kama Novemba. Kaa misimu yote miwili kabla hujaweka shilingi, kwa sababu kuna barabara hapa inayopitika vizuri Agosti ambayo Januari ni mto. Koti la mvua nunua sokoni Masbagik, yale mazito ya vipande viwili, suruali na koti, hayo mengine ya kujitupia yanapeperuka kwenye pikipiki.